Pikapu ya zamani inapokosa mafuta: Namna ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua

MAGARI ya zamani aina ya pikapu yangali yanafanya kazi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, yakibeba mazao kutoka mashambani, mifugo kwenda minadani na vifaa vya ujenzi katika vijiji ambavyo magari madogo hayafiki.

Miongoni mwa magari hayo ni Land Rover Series III ya chasi ndefu, maarufu kwa jina la 109, iliyotengenezwa nchini Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Namba hiyo inatokana na umbali wa inchi 109 uliopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Tatizo linalowasumbua wengi wa wamiliki wa magari hayo ni gari kukohoa, kupoteza nguvu na hatimaye kuzima njiani kwa sababu mafuta hayafiki kwenye injini inavyotakiwa.

Mara nyingi mwenye gari huambiwa anunue kabureta, wiki inayofuata pampu, na baadaye tanki, huku gari likiendelea kuzima kama kawaida. Fedha hupotea kwa sababu kifaa kimebadilishwa kabla ya kupimwa.

Hasara si ya fedha peke yake. Gari lenye shehena likizima katika mlima kama ule wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, au ule wa Kitonga mkoani Iringa, dereva hupoteza nguvu ya injini mahali ambapo anaihitaji zaidi. Iwapo breki za gari hilo zina kisaidizi kinachotegemea mvuto wa hewa wa injini, pedali huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache tu.

Hata hivyo, mfumo wa mafuta wa magari hayo ni mwepesi kuuelewa. Hauna kompyuta wala vihisio, na sehemu kubwa ya uchunguzi wake inaweza kufanywa kwa spana, bisibisi, chupa safi ya kioo na subira.

NJIA YA MAFUTA

Katika Land Rover 109 ya pikapu, tanki la mafuta lenye ujazo wa takriban lita 45 limefungwa chini ya kiti cha mbele. Baadhi ya magari yana tanki la pili chini ya kiti cha upande wa pili, pamoja na koki ya kubadilishia.

Kutoka kwenye tanki, petroli huvutwa kupitia bomba jembamba hadi kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Pampu hiyo haitumii umeme, bali huendeshwa na kamshafti, ambayo husukuma mkono mdogo unaochezesha kiwambo cha mpira kilichomo ndani.

Nyingi ya pampu hizo zina kikombe cha kioo ambamo maji na uchafu hutuama, pamoja na kijiti cha kupampia kwa mkono wakati injini imezimwa.

Kutoka kwenye pampu, petroli husukumwa hadi kwenye kabureta, ambayo katika injini hiyo ya sentimita za ujazo 2,286 ni aina ya Zenith 36 IV. Humo ndani kuna boya na sindano vinavyozuia petroli isifurike, na vitundu vidogo vinavyopima kiasi cha kuchanganywa na hewa.

Jambo la msingi la kukumbuka ni kwamba njia hiyo ina pande mbili. Kutoka tanki hadi pampu ni upande wa kuvuta, na kutoka pampu hadi kabureta ni upande wa kusukuma. Tundu katika upande wa kusukuma huvujisha petroli nje na huonekana. Tundu katika upande wa kuvuta huingiza hewa, na huenda lisionyeshe hata tone moja nje.

TAHADHARI KABLA YA KUANZA

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa katika shimo la gereji bila kuonekana.

Ukali wa petroli ulidhihirika Agosti 10, 2019, pale watu zaidi ya 100 walipopoteza maisha kutokana na moto uliozuka katika eneo la Msamvu, Morogoro, baada ya lori la mafuta kupinduka.

Kwa hiyo kazi ya kuchunguza mafuta ifanyike mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa, betri ikiwa imetolewa waya isipokuwa pale inapohitajika, na kizima moto cha unga au mchanga mkavu vikiwa karibu. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kusambaza moto.

Ipo pia desturi ya kunyonya petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Desturi hiyo ni ya hatari kubwa, kwani kiasi kidogo kikiingia katika njia ya hewa huweza kuunguza mapafu. Aliyemeza petroli asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali mara moja.

Hatari nyingine ni kumimina petroli kwa chupa katika mdomo wa kabureta huku mwenzake dereva akipiga stata. Injini ikipiga mwako kinyumenyume kupitia kabureta, moto hutokea pale pale alipo aliyeshika chupa.

JE, KWELI NI MAFUTA?

Kabla ya kugusa pampu au kabureta, ni lazima kuthibitisha kwamba tatizo si umeme wa plagi. Dalili za matatizo hayo mawili hufanana, lakini zipo tofauti.

Gari lililokosa mafuta hufa polepole. Hukohoa, hupungua nguvu, hushtukashtuka na mara nyingine hupata nafuu dereva anapolegeza mguu. Gari lililokosa umeme kwa kawaida hukatika ghafla, kana kwamba mtu amezima swichi.

Hata hivyo, kondensa iliyochoka ndani ya distributa, au koili inayoharibika inapopata joto, huweza kulifanya gari lizime likiwa na moto na kuwaka tena likipoa, sawasawa na gari lenye tatizo la mafuta.

Njia nzuri ya kutofautisha ni kufungua plagi mara tu gari linapozima. Plagi kavu zisizo na harufu ya petroli zinaonyesha kwamba mafuta hayakufika. Plagi zilizolowa zinaonyesha kwamba mafuta yalifika lakini hayakuwaka, au yalifika kupita kiasi. Masizi meusi makavu ni ishara ya mafuta mengi kuliko hewa, ilhali rangi ya kahawia hafifu ni ya kawaida.

Upimaji wa cheche ufanyike mbali na petroli iliyo wazi, na baada ya matundu ya plagi kuzibwa.

KUANZIA KWENYE TANKI

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Gari linapoanza kukosa nguvu, lisimamishwe mahali salama na mfuniko wa tanki ufunguliwe. Ikisikika sauti ya hewa ikiingia kwa nguvu, basi kitundu cha kupumulia cha tanki kimeziba.

Petroli inapotoka bila hewa kuingia mahali pake, tanki hujenga mvuto unaoshindana na pampu mpaka pampu inashindwa. Gari likiwaka na kwenda vizuri baada ya mfuniko kufunguliwa, dawa yake ni kusafisha kitundu hicho au kuweka mfuniko ulio sahihi.

Chanzo cha pili ni uchafu. Kutu, matope na vipande vya rangi vilivyotuama chini ya tanki huvutwa hadi kwenye kichujio cha bomba la kufyonzea na kukiziba. Gari likisimama, mvuto hukoma, uchafu hudondoka, na baada ya dakika chache gari huwaka kana kwamba halikuwa na hitilafu. Likienda kilomita kadhaa, hali hurudi ile ile.

Dalili hiyo ya kuzima, kupumzika na kuwaka tena ndiyo inayowapotosha wengi na kuwafanya wailaumu pampu. Tanki lenye kutu lisafishwe lote, kwani kubadilisha filta peke yake huahirisha tatizo kwa siku chache.

Tanki lililokuwa na petroli lisichomelewe kwa hali yoyote kabla ya mtaalamu kulisafisha na kuondoa mvuke wote. Tanki tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lina mvuke uliochanganyika na hewa.

MABOMBA NA PAMPU

Ili kujua kama pampu inafanya kazi, bomba linaloingia kwenye kabureta hufunguliwa na kuelekezwa kwa mpira katika chupa. Waya mwembamba wa koili hutolewa ili kusiwe na cheche, kisha stata hupigwa kwa sekunde chache.

Petroli inapaswa kuruka kwa mapigo yenye nguvu, pigo moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Mapigo dhaifu au yasiyokuwapo yanaonyesha kwamba hitilafu iko kwenye pampu au nyuma yake. Mapigo yakiwa mazuri, uchunguzi uhamie kwenye kabureta.

Mapovu yanayotoka pamoja na petroli ni ushahidi kwamba hewa inaingia katika upande wa kuvuta. Sehemu za kukagua ni maungio ya bomba, mpira uliopasuka, koki ya matanki mawili na gasketi ya kikombe cha kioo.

Mpira wa mafuta wa siku nyingi huweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umechubuka na kubaki kama ulimi unaoziba njia pampu inapovuta. Kwa kuwa bei yake ni ndogo, ni busara kubadilisha mipira yote kwa pamoja, na kuhakikisha ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli. Mpira wa maji huyeyuka ndani na vipande vyake huishia kwenye kabureta.

Kipimo kinachomaliza ubishi kati ya tanki na pampu ni kutumia chombo kingine. Galoni safi la chuma lenye petroli huwekwa chini pembeni ya gurudumu la mbele, mbali na bomba la moshi, na mpira wake kuunganishwa kwenye mdomo wa kuingizia wa pampu. Injini ikinguruma vizuri kwa muda ambao hapo awali ingezima, pampu haina hatia, na kosa liko kwenye tanki au bomba lake.

Kijiti cha kupampia kwa mkono nacho husaidia, lakini huweza kudanganya. Ikiwa kamshafti imesimama mahali ambapo imekwishausukuma mkono wa pampu hadi mwisho, kijiti hulegea kana kwamba pampu imekufa. Injini izungushwe mzunguko mmoja, kwa hendeli ikiwezekana, kisha kijiti kijaribiwe upya.

Kiwambo cha pampu kikipasuka, petroli huweza kushuka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Oili inayoongezeka kwenye kijiti cha kupimia na kunuka petroli ni onyo kubwa. Gari lisiendeshwe hata kidogo, kwa kuwa oili iliyopunguzwa uzito haiwezi tena kulinda beringi.

Baadhi ya mafundi huondoa pampu hiyo na kufunga ya umeme iliyotoka kwenye gari la kisasa. Hilo ni kosa. Pampu ya awali husukuma kwa presha ndogo ya kati ya 1.5 na 2.5 kwa kipimo cha psi, ilhali pampu za magari yanayopuliza petroli kwa nozeli aghalabu hufika 40 au zaidi. Presha hiyo huishinda sindano ya kabureta, na petroli hufurika juu ya injini yenye moto.

KABURETA

Pampu ikithibitika kuwa nzima, ndipo zamu ya kabureta inapofika. La kwanza ni kichujio kidogo cha waya kilichopo mahali petroli inapoingilia, ambacho husahaulika mara nyingi.

La pili ni sindano na kiti chake. Sindano ikinasa ikiwa imefunga, injini hukosa mafuta, na ikinasa ikiwa wazi, petroli humwagika. Boya lililotoboka huzama na kuleta mafuriko. Ili kulipima, boya lizamishwe katika maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni, na mapovu yataonyesha palipotoboka.

Vitundu vya kupimia mafuta visafishwe kwa upepo na dawa ya kusafishia kabureta. Visichokolewe kwa waya. Kitundu kikipanuka kwa asilimia 10 tu ya kipenyo chake, eneo lake huongezeka kwa asilimia 21, na gari litakunywa mafuta kupita kiasi siku zote.

Zenith 36 IV ina ugonjwa wake unaojulikana. Mfuniko wa juu hupinda kwa sababu ya joto na kukazwa kupita kiasi, na pete ndogo ya mpira iliyo ndani hubonyea. Matokeo yake ni injini kutotulia gari likiwa limesimama, na kula mafuta mengi.

Ufumbuzi wake ni kuweka msasa laini juu ya kipande cha kioo kilichonyooka na kusugua uso wa mfuniko taratibu mpaka uwe sawa, kisha kufunga pete na gasketi mpya. Kabureta nyingi hutupwa kwa hitilafu hiyo ndogo.

Aidha, gasketi iliyo kati ya kabureta na injini ikikauka huingiza hewa ambayo haikupimwa, na dalili zake hufanana na za ukosefu wa mafuta. Gari hunguruma vibaya likiwa limesimama, lakini hupata nafuu linapoongezwa mwendo.

JOTO NA MILIMA

Sehemu nyepesi ya petroli huanza kuchemka katika joto la nyuzi 40 hivi. Bomba likipita karibu na manifoldi ya moshi, petroli hugeuka mvuke ndani yake, na pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika hushindwa kusukuma mvuke.

Tatizo hilo hutokea zaidi baada ya gari kupanda mlima kwa gia ndogo na kisha kusimama. Feni haipulizi tena, ilhali joto la injini linaendelea kupanda. Kitambaa kilicholoweshwa maji kikifungwa kwenye pampu na bomba, na gari likawaka baada ya muda mfupi, chanzo kimejulikana. Bomba lisogezwe mbali na joto, na mabati ya kukinga joto yaliyotolewa yarudishwe.

Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katika miinuko ya aina hiyo hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana. Hivyo gari linalokosa nguvu mlimani huku likitoa moshi mweusi halina upungufu wa mafuta, bali limezidiwa nayo. Tofauti hiyo izingatiwe kabla ya kufungua chochote.

PETROLI ILIYOCHAKACHULIWA

Wakati mwingine mfumo wote ni mzima, na kosa liko ndani ya petroli yenyewe. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli na dizeli ulikuwa tatizo kubwa katika ukanda huu, kwa sababu ya tofauti ya kodi.

Nchini Tanzania, mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa kishawishi. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo hilo hilo.

Petroli yenye mafuta ya taa hufanya injini iwe ngumu kuwaka asubuhi, igonge inapopanda mlima na itoe moshi. Kipimo chepesi ni kudondosha tone katika karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama ya mafuta, ilhali iliyochanganywa huacha doa linalokawia.

Maji hutambulikana kwa urahisi zaidi. Petroli ikiachwa itulie katika chupa ya kioo, maji hukaa chini na mstari wa mgawanyo huonekana wazi. Dereva anayeona maji katika kikombe cha pampu kila mara anapaswa kuangalia mfuniko wa tanki na kituo anachonunulia mafuta.

KWA WENYE DIZELI

Land Rover 109 za dizeli zina adui mmoja mkubwa, nayo ni hewa. Povu dogo likiingia katika pampu ya nozeli hubonyea badala ya kusukuma, na injini hukataa kuwaka.

Baada ya kubadilisha filta au kuishiwa mafuta, hewa sharti itolewe kwa kulegeza skrubu za kutolea hewa, kuanzia kwenye filta hadi kwenye pampu, huku kijiti cha mkono kikipampiwa mpaka dizeli itoke bila mapovu.

Mkono usiwekwe mbele ya nozeli inayopuliza. Presha yake inazidi ya hewa ya kawaida kwa zaidi ya mara 100, na dizeli hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha hilo huonekana dogo kama la sindano, lakini linahitaji daktari wa upasuaji bila kuchelewa.

UTARATIBU NDIO DAWA

Kwa ujumla, mwenye pikapu ya zamani anashauriwa kufuata mpangilio mmoja: umeme wa plagi kwanza, kisha mfuniko wa tanki, mtiririko wa pampu, chombo cha nje, na mwisho kabureta. Kila kipimo huondoa nusu ya mashaka, na kifaa hununuliwa baada ya kupatikana ushahidi dhidi yake.

Vilevile, ni vyema kuandika katika daftari mazingira ya kila hitilafu: gari lilikuwa limekwenda kilomita ngapi, lilikuwa na moto au limepoa, lilikuwa mlimani au tambarare, na lilichukua muda gani kuwaka tena. Fundi akipewa maelezo hayo hufika kwenye chanzo mapema.

Filta ya mafuta, mipira na klipu zake ni vitu vya bei nafuu vinavyostahili kukaguliwa kabla ya kila msimu wa mavuno, wakati gari lingali nyumbani. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya nyanya zinazoozea mlimani, wala na maisha ya waliopanda juu ya shehena hiyo.